Kusahihisha Kuni

Mkuu wa shule aliniomba nimwachie Robhi, atakayeshika funguo baada yangu, ukurasa mmoja wa maelekezo ya kutunza chumba cha kompyuta. Nimejaribu. Maelekezo yenyewe hayazidi nusu ukurasa: vua viatu mlangoni, funika mashine kila jioni, usiruhusu chapati. Nusu iliyobaki nimeijaza mambo mengine, na kama mnavyoona, imefurika.

Naitwa Wankuru. Nilizaliwa Nyangoto, wa kwanza kati ya watoto watano. Baba alifariki, na mama akafuata kabla mwaka haujaisha, nami nikiwa darasa la sita. Sikufukuzwa shule wala sikuichukia. Siku moja nilibaki nyumbani kumwangalia mdogo wetu mwenye homa. Kesho yake nikabaki kupika. Hiyo kesho ikawa miaka. Nilipikia wachimbaji wadogo wa dhahabu makande na uji, na wadogo zangu wote wanne wakasoma. Wao waliniita Dada, wachimbaji wakadaka, na nilipoajiriwa kuwa mpishi katika shule hii ya Kenyamonta, wanafunzi nao wakaniita Dada. Leo nina miaka sitini na bado ni Dada. Sijui ni lini watu hupandishwa cheo kuwa Bibi.

Upishi nitaupita haraka, maana mpishi wa sasa atadhani namfundisha. Niseme tu kwamba kila Jumamosi nilikwenda kuokota kuni pamoja na zamu ya wanafunzi, na kwamba sufuria ya maharage ya watu mia tatu haisikilizi amri ya mtu mwenye haraka.

Kompyuta zilifika siku ya mvua, kumi na sita, ndani ya maboksi. Chumba pekee kilichokuwa na kufuli la maana kilikuwa stoo yangu ya chakula. Basi zikawekwa juu ya magunia ya mahindi, nikafunga, nikatia ufunguo kiunoni. Ndivyo nilivyoingia katika teknolojia: nilikuwa na kufuli.

Wiki mbili baadaye alikuja mwalimu mpya wa Kiingereza, Mwalimu Rehema, mtu wa Tanga, mwembamba, ushungi wake umenyooka kama umepigwa pasi akiwa ameuvaa. Alinikuta nachambua maharage.

"Shikamoo Dada. Nimeambiwa wewe ndiye mwenye kompyuta."

"Marahaba, mwalimu. Mimi ni mwenye maharage. Kompyuta zimenikuta hapa."

"Basi utanisaidia kuzitoa."

Tukazitoa. Nilidhani msaada wangu unaishia kwenye kubeba. Yeye alidhani unaanzia hapo. Alipoona nimekwisha panga waya kwa urefu na kuzifunga kwa kamba za katani kama mafungu ya mchicha, alikwenda kwa Mkuu, na kabla muhula haujaisha mpishi mwingine alikuwa ameajiriwa nami nikawa mtunza chumba. Nilimwambia Mwalimu Rehema kwamba sikumaliza hata darasa la saba. Akasema, "Mashine hazijamaliza hata la kwanza. Mtaelewana."

Siku ya kwanza nilishika kipanya kama ninavyoshika mwiko, nikakizungusha. Alicheka hadi akakaa chini. Lakini alinifundisha kila jioni baada ya vipindi, bila kuchoka, na alinifundisha kwa namna moja tu: alinikalisha kwenye kiti, yeye akaweka mikono nyuma. Robhi, ukimfundisha mtu kompyuta, weka mikono yako nyuma. Mengine yote utayaona mwenyewe.

Vifaa vyangu havikuwa vingi. Brashi ya rangi, mpya, isiyowahi kuona rangi, kwa ajili ya vumbi. Vipande vya kanga vya kufunikia. Kijiti cha kutolea mayai ya mjusi nyuma ya mashine, maana mjusi hupenda joto na haheshimu mali ya serikali. Na daftari. Kila siku niliandika nani kaketi mashine ipi, betri za sola zimeamkaje, mtandao umekatika saa ngapi na umerudi saa ngapi. Walimu walinicheka. Walisema Dada anaandika hadi kikohozi cha ruta. Niliendelea. Mtu aliyelea wadogo wanne huzoea kuhesabu vichwa.

Kibodi ya mashine namba saba ilipoteza kitufe cha L. Muhula mzima hakuna mwanafunzi aliyelalamika. Nilipomweleza Mwalimu Rehema, aliinamia meza akicheka. Kwa asiyetujua: sisi Wakurya L na R hutuchanganya. Mwalimu huwa mwarimu, chakula huwa chakura, na tukijitahidi sana kujirekebisha, tunageuza hata zile zilizokuwa sahihi. Nilikata kipande cha ndala kuukuu nikakigandisha pale kwenye kitufe. Kipo hadi leo. Usikitoe.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Kabla ya hapo insha ya Kiingereza ilikuwa hivi: mwanafunzi anaandika, mwalimu anabeba madaftari themanini, anayarudisha baada ya wiki tatu yakiwa mekundu, mwanafunzi anatazama alama, anafunga daftari. Mwalimu Rehema alisema hilo si somo. "Wananiandikia mimi, na mimi najua maisha yao yote. Sina cha kuwauliza. Wanahitaji msomaji asiyewajua."

Mdogo wake alikuwa mwalimu wa shule moja huko Tanga. Wakapanga kila Alhamisi mchana wanafunzi wetu waandike kwenye waraka wa pamoja, ule ulioko mtandaoni, ambao mtu wa hapa na mtu wa kule wanauona kwa wakati mmoja. Watoto wa Tanga wanasoma na kuandika maswali pembeni, wetu wanajibu kwa kuandika upya. Kisha zamu inageuka, wa kule wanaandika na wetu wanauliza. Sharti lilikuwa moja, kutofungua waraka mpya. Unarekebisha ule ule, mara tatu, mara tano, hadi maswali yaishe.

Alhamisi ya kwanza mada ilikuwa kazi za Jumamosi. Wanafunzi wetu kumi na moja waliandika sentensi ile ile, wote kwa kujiamini: *I correct firewood.* Walitaka kusema wanaokota kuni. Lakini neno la kuokota, collect, lina L mbili, na ukiweka R mahali pake unapata neno lingine kabisa, la kusahihisha. Ule mstari mwekundu unaotokea chini ya neno lenye makosa haukutokea. Kwa mashine, kila kitu kilikuwa sawa.

Baada ya dakika chache mtoto wa Tanga akaandika pembeni, kwa adabu kabisa: Samahani, kuni zenu hufanya makosa gani hadi mzisahihishe?

Mwita, aliyekuwa mkorofi wa darasa, ndiye wa kwanza kuelewa, akamgeukia jirani yake, akamwita kijana kwa Kikurya:

"Mura, kuni zako zimepata ngapi?"

"Sifuri. Zirikuwa mbichi."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile ndani ya chumba kile. Mwalimu Rehema alingoja kiishe, akasema, "Mmeona? Mashine inajua maneno, haijui mlitaka kusema nini. Hiyo ni kazi ya msomaji." Tangu siku hiyo kosa la namna hiyo likaitwa kuni. "Madam, nina kuni mstari wa tatu." Mwanafunzi mwingine alicheza mpira kila jioni, lakini play yake iliandikwa pray, akawa anauombea. Mwingine alisema Krismasi kwao wanakula chawa, maana alikuwa amejitahidi kuirekebisha R ya rice, yaani wali, ikawa lice. Kila kuni ilichekwa, ikatolewa, na haikurudi kirahisi. Alama nyekundu hawakuwahi kuzikumbuka hivyo.

Mimi nami nilianza kuandika, kwenye namba saba, watoto wakishaondoka. Sentensi yangu ya kwanza ya Kiingereza ilisema napika maharage. Nilijivuna nayo siku nzima. Alhamisi mtoto wa Tanga akauliza: ya nani, na kwa nini unapika wewe? Nilikaa na swali hilo hadi jua likaanza kushuka. Jibu lilichukua mistari sita na lilianzia Nyangoto. Pale ndipo nilipoelewa kwa nini watoto wetu walianza kuandika vizuri. Kulikuwa na mtu anayetaka kujua.

Jambo lingine alilonifundisha Mwalimu Rehema lilitokana na Mwita. Mtu aliandika katikati ya insha ya mwenzake kwamba mpishi wetu mpya anapika kama fundi wa kujenga. Kila mtu alikana. Mwalimu akanionyesha pa kubonyeza, na waraka ukaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, kila neno na jina la aliyeliandika na saa aliyoliandika. "Mashine hii haisahau, Dada," akasema. Mwita aliamriwa kuandika barua ya kuomba radhi kwa Kiingereza. Aliwaomba radhi mafundi wa kujenga.

Mwalimu Rehema alihamishiwa Tarime mjini. Siku ya kuondoka aliniachia brashi mpya. Nafasi yake ikashikwa na Mwalimu Daudi wa Iringa, mwenye Kiingereza kizuri, mwadilifu, asiyecheka ovyo. Alhamisi za Tanga aliziacha ziendelee. Lakini alikuta wakati mgumu. Zilikuwa zimekuja zile programu zinazoandika zenyewe: unaziuliza, zinakujibu kwa aya nne zilizonyooka. Muhula wake wa kwanza aliwakamata wanafunzi watano waliopeleka insha ambazo hawakuweza hata kuzisoma kwa sauti. Mkuu, Mwalimu Wambura, akatoa amri: atakayenakili anarudi nyumbani mwezi mzima.

Nawaambia ukweli, amri ile haikunikera. Ilinikera ilipomfikia Bhoke.

Bhoke alikuwa kidato cha tatu, mtulivu, analelewa na bibi yake pamoja na wadogo zake wawili. Alikaa namba saba kila alipoipata, alisema kile kitufe cha ndala kinamkumbusha kufikiri. Aliandika insha juu ya bibi yake kwa wiki tano. Siku aliyoipeleka, Mwalimu Daudi aliisoma mara mbili na kwenda nayo moja kwa moja kwa Mkuu.

Niliitwa ofisini. Bhoke amesimama, mikono nyuma, macho kwenye sakafu.

"Dada Wankuru," akasema Mwalimu Daudi, "wewe ndiye unayetunza chumba. Huyu alifungua programu gani? Mwaka jana alikuwa haandiki sentensi tatu. Hii imeandikwa na mashine."

"Bhoke, umeandika mwenyewe?" Mkuu akauliza.

"Ndiyo, Mkuu."

"Kwa nini mwalimu hakuamini?"

"Sijui, Mkuu. Labda imekuwa nzuri."

Hapo nilitaka kucheka, lakini barua ya kumrudisha nyumbani ilikuwa mezani, imebaki saini tu. Naujua mwezi wa nyumbani. Unaanza kwa siku moja ya kumwangalia mdogo mwenye homa.

Nikasema, "Mkuu, naomba kalamu ikae kwanza. Twende chumbani."

Mwalimu Daudi akanitazama. "Dada, hili ni suala la Kiingereza."

"Najua, mwalimu. Mimi nitabonyeza tu. Kusoma utasoma wewe."

Wakavua viatu mlangoni, wote watatu. Nilifungua insha ya Bhoke kwenye namba saba, nikabonyeza pale nilipoonyeshwa wakati wa kesi ya Mwita, nikairudisha nyuma kabisa hadi siku ya kwanza. Ilikuwa mistari minne. Mwalimu Daudi akainama, akaanza kusoma kwa sauti, na kwenye mstari wa pili akanyamaza.

"Soma, mwarimu," Mkuu akasema. Mkuu ni mtu wa hapa hapa.

"Anasema... kila Jumamosi yeye na bibi yake wanasahihisha kuni."

Mkuu akakohoa. Nikasogeza mbele. Swali la Tanga pembeni: bibi yako ana umri gani, na anabebaje? Hatua iliyofuata, jibu. Kuni ikatoka. Ikaingia aya ya mgongo wa bibi. Ikafutwa, ikaandikwa upya, ikawa fupi. Tukaitazama insha ikikua mbele yetu, wiki baada ya wiki, na Mwalimu Daudi akawa anasoma bila kuambiwa.

Mara akanyoosha kidole. "Simama. Hapo. Aya nzima imeingia kwa mpigo. Dakika moja haipo, dakika inayofuata ipo yote. Mtu haandiki hivyo. Hiyo imenakiliwa."

Ilikuwa kweli. Mistari kumi na miwili ilikuwa imetua mara moja, kama imetupwa dirishani. Nilimtazama Bhoke. Mkuu alikunja mikono. Hata mimi nikajiuliza kama nimemleta mtoto huyu mahali pa kumfungia mlango mwenyewe.

Nikatazama tarehe na saa iliyoandikwa pembeni, nikalifuata daftari. Lilikuwa mahali pake, limening'inia kwa kamba kwenye msumari. Nikafungua siku ile, nikasoma nilivyoandika: *Mtandao umekatika saa nane na robo mchana. Tembo. Bhoke, namba saba, anaendelea bila mtandao. Umerudi saa kumi na nusu.*

Na aya ile ilikuwa imetua saa kumi na nusu. Mtandao ukikatika, mashine humtunzia mwandishi maneno yake, na ukirudi huyapeleka yote pamoja. Hilo nalo lilikuwa somo la Mwalimu Rehema.

"Tembo?" Mwalimu Daudi akauliza.

"Waliangusha nguzo ya umeme upande wa Machochwe," nikasema. "Mnara ukazimika. Sisi tuna sola, tuliendelea."

"Mwarimu," Mkuu akasema, "huku kwetu tembo ni sababu hariri."

Mwalimu Daudi hakucheka. Alikuwa mtu wa haki, akataka kuhakikisha. Akainama akaisoma ile aya ya mistari kumi na miwili, taratibu, kidole kwenye kioo, jambo ambalo kwa kawaida silikubali. Nikamwacha. Alipofika katikati akasimama, akarudia sentensi ile mara mbili. Bhoke alitaka kusema kwamba bibi akipika, wadogo zake hucheza mpira wa matambara nyuma ya nyumba. Lakini katika aya ile, kama ilivyotua mara ya kwanza, wale watoto hawakucheza. Waliuombea mpira wa matambara.

Mwalimu Daudi akavua miwani. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe ndiyo namna ya kucheka ya mtu asiyefanya mazoezi.

"Hakuna programu duniani," akasema alipoweza, "hakuna kabisa, inayokosea hivi."

"Haikuzariwa hapa," Mkuu akasema. Kisha akamgeukia Bhoke. "Hata mimi nirisahihisha kuni hadi niripofika chuo. Rudi darasani, binti."

Bhoke alibaki amesimama. Mwalimu Daudi akamwambia, "Samahani, Bhoke. Nilisoma ya mwisho tu, sikusoma ya kwanza." Mtoto akaitikia, akavaa viatu vyake mlangoni, vyote viwili kinyume, akakimbia.

Barua ile Mkuu aliichana mwenyewe. Tangu hapo Mwalimu Daudi hapokei insha iliyomalizika tu. Anataka aione ilipoanzia, pamoja na kuni zake zote, na alama hutoa kwa safari yote. Waliokuwa wakinakili waliacha taratibu, maana kughushi makosa ya wiki tano ni kazi kubwa kuliko kuandika. Nasikia walimu wa shule nyingine wanamuuliza alikopata utaratibu huo. Anasema kwa tembo.

Bhoke alifaulu, sasa yuko kidato cha tano Tarime. Robhi, kibodi ya namba saba ikifa, hamishia ndala kwenye nyingine.

Wiki yangu ya mwisho wanafunzi walinifungulia waraka wa kuniaga, wa sasa na waliokwisha kuondoka, kila mtu alipo. Niliusoma wote mwenyewe, kwa Kiingereza, bila kuuliza mtu. Mwita, ambaye sasa ni fundi wa kujenga, aliandika kwamba anawaomba radhi wapishi. Na karibu na mwisho kulikuwa na mstari wa Bhoke: *For many years Dada corrected firewood for us.*

Nikabonyeza kuangalia historia, ni mazoea tu. Nikaona Mwalimu Daudi alipita hapo saa nne asubuhi, akalibadilisha neno lile kuwa kuokota. Saa nne na dakika tatu Bhoke akalirudisha lilivyokuwa. Saa nne na dakika tano Mwalimu Daudi akaandika pembeni neno moja: Sawa.

Nilizima mashine zote kumi na sita, nikazifunika, nikaandika kwenye daftari kwamba mtandao haukukatika siku hiyo, nikakabidhi funguo. Jumamosi yake nilikwenda kuokota kuni. Nilizikagua moja moja kabla ya kuzifunga mzigo. Zote zilikuwa sahihi.